MREJESHO: Namba hasi na desimali zinazojirudia, kidato cha kwanza

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Niliuliza jinsi ya kuwaelewesha vijana kwa nini −3 − (−5) ni 2 na si −8, na jinsi ya kugeuza 0.1666... kuwa sehemu. Asanteni sana wote.

Kwenye kutoa, mstari wa namba umemaliza kazi: kutoka −5 hadi −3 ni hatua 2 kwenda kulia. Basi.

Mfano wa deni umefaa kwenye kujumlisha tu (unadaiwa kilo 5 za zabibu, umelipa 3, umebaki −2). Kwenye (−4) × (−3) umegoma kabisa, maana deni mara deni ni kitu gani? Kilichookoa ni mpangilio: 2 × (−3) = −6, 1 × (−3) = −3, 0 × (−3) = 0. Jibu linapanda 3 kila hatua, kwa hiyo (−1) × (−3) lazima iwe 3.

Kwenye desimali, mkuu uliyesema tuzidishe mara mbili (kwa 10, halafu kwa 100), pokea tano. Tuseme x = 0.1666...; 10x = 1.666..., 100x = 16.666...; ukitoa, 90x = 15, x = 15/90 = 1/6. Ukitoa x kwenye 10x unapata 9x = 1.5. Si kosa, ila desimali inabaki kwenye kiasi (namba ya juu ya sehemu: 1.5/9) na wengi wanakwama hapo.

Kilichogoma ni kulinganisha −2/3 na −3/4. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 3 na kwa 4) ni 12, wanaipata, wanaandika −8/12 na −9/12 vizuri, halafu wanachagua −9/12 kuwa kubwa kwa kuitazama 9 peke yake. Mwenye mbinu ya hapo aidondoshe.