Mjadala: Je, kila seti ya vyuma inyanyuliwe mpaka mikono igome?

Mleta mada:
Katika jimu zetu za mitaani, zile ambazo vyuma vyake ni makopo ya saruji yaliyochomekwa bomba, imezoeleka kwamba seti, yaani mfululizo wa marudio kabla ya kupumzika, isiyoisha kwa mikono kugoma ni seti ya bure. Naomba kuipinga imani hiyo. Juzi nilimtazama kijana akifanya benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu kutoka kifuani: marudio matano yalikwenda sawasawa, la sita kiwiko cha kushoto kikaanza kuchepuka, la saba kiuno kikaachana na benchi, na la nane alilinyanyua mwenzake kuliko yeye. Hilo la nane sijui lilimjengea nini.

Kinachokuza nguvu hasa ni uzito wenyewe na unyanyuaji safi. Mtu anayefanyia kazi asilimia 80 hivi ya uzito anaoweza kuunyanyua mara moja tu, akakomea marudio mawili kabla ya kushindwa, huongeza nguvu sawa na anayejimaliza, na tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi mbili zimeelekea huko. Tofauti huonekana siku ya pili, pale mmoja anaporudi mazoezini na mwingine hawezi hata kuvaa shati.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, naomba kutofautiana nawe. Kocha Ivan Abadjiev wa Bulgaria aliwanyanyulisha vijana wake uzito wa juu kabisa karibu kila siku, na nchi hiyo ndogo ikawatetemesha Wasovieti. Naim Süleymanoğlu alilelewa katika mfumo huo kabla ya kuhamia Uturuki mwaka 1986. Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Seoul, alipandisha kilo 190 juu ya kichwa katika daraja la kilo 60. Mara tatu ya uzito wake! Ungemwambia aache marudio mawili?

Mleta mada:
Mfano ni mzuri, ila umeuishia katikati. Kwenye Olimpiki hiyohiyo Wabulgaria wawili walivuliwa medali za dhahabu kwa dawa zilizokatazwa na timu yao ikajiondoa, kwa hiyo ni vigumu kujua mazoezi yalichangia kiasi gani. Tena uzito wa juu kabisa na kunyanyua hadi kushindwa si kitu kimoja: Mbulgaria alinyanyua mara moja, kwa ufundi, akakitua chuma, wala hakung'ang'ana na rudio la nane huku mgongo umepinda. Isitoshe, kazi yake ilikuwa hiyo tu, ilhali kijana niliyemtaja alikuwa ametoka kubeba zege tangu asubuhi.

Nakubali jambo moja: kwa misuli midogo, kama ya mbele ya mkono, seti ya mwisho ikiisha kwa kugoma haina hatari kubwa, kwani chuma kikikushinda unakishusha chini. Kwenye benchi kinakushukia kifuani, na anayekubaliana na Abadjiev atueleze kwanza nani atakuwa amesimama kichwani pa mnyanyuaji kumwokoa.