Naomba ushauri: kadi zenye taa zinawaka nyekundu tu

MwalimuKatuba: Ndugu zangu, nafundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi. Wanafunzi wangu wanatengeneza kadi za maua yanayowaka: nyaya mbili nyembamba za shaba zimegundishwa kwenye karatasi, betri ndogo bapa ya volti 3 iko pembeni, na taa za LED zimefichwa chini ya maua. Taa nyekundu zinawaka vizuri, lakini ya buluu iliyo kwenye nyaya zile zile haiwaki, ingawa peke yake inawaka. Wazazi wanakuja Ijumaa. Nifanye nini?

FundiKamalondo: Mwalimu, taa yako ni nzima. Nyekundu huhitaji takribani volti 2, buluu takribani 3. Zikiungwa sambamba kwenye betri ndogo, nyekundu huvuta umeme na kuishusha volti hadi karibu na 2, ambayo haitoshi kuiwasha buluu. Weka rangi moja kwa kila kadi, na mguu mrefu wa taa uelekee chanya.

MamaRuashi: Sisi tulijifunza umeme kwa kunakili mchoro ubaoni, bila kugusa waya hata mmoja, ilhali shaba inachimbwa katika ardhi yetu hii hii. Nafurahi sana kusikia kwamba watoto wanaishika na kuona kazi yake. Lakini hujasema wana umri gani.

MwalimuKatuba: Mama, umri hauhusiani na taa ya buluu.

MamaRuashi: Unahusiana na betri, Mwalimu. Nauliza tena.

MwalimuKatuba: Ni darasa la kwanza, wengi wana miaka 6. Betri za darasa zima nimeshazinunua, zimefungwa kwa utepe wa plastiki, nawasimamia kwa makini, na wazazi wameahidiwa kwamba kila mtoto atarudi nyumbani na kadi yake ikiwaka.

MuuguziKampemba: Darasani unawasimamia, lakini nyumbani wapo wadogo zao wanaotambaa, na utepe hubanduka kwa kucha. Betri ya aina hiyo yenye upana wa milimita 20 ikikwama kwenye umio, umeme wake hutengeneza alkali kali inayoweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kuwasha taa. Aliyemeza apelekwe hospitali papo hapo, asisubiriwe aitoe. Usiziruhusu zitoke darasani.

KijanaWaKenya: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Waya mwembamba wa shaba tunaoupata hapa ni wa mota, nao umepakwa vanishi. Ukiubandika tu, hakuna taa itakayowaka, ya buluu wala nyekundu.

MwalimuKatuba: Ni wa mota kweli. Vanishi niliikwangua mwenyewe kwa wembe, kila mahali taa na betri zinapogusa. Sijatunga neno.

FundiKamalondo: Ukikwanguliwa unapitisha. Namwamini, kwa sababu hitilafu aliyoieleza ndiyo inayotokea hasa. Turudi kwenye betri. Mwalimu, funga betri mbili za tochi za volti 1.5 kwa mfuatano, zikae mezani kwako, na kila mtoto alete kadi yake iguswe hapo. Betri hizo zina nguvu kuliko ile bapa, kwa hiyo kila kadi iwe na taa moja nyekundu na rezista, yaani kijifaa kinachopunguza umeme, ya omu 100, la sivyo taa itaungua.

MwalimuKatuba: Na ahadi yangu kwa wazazi?

MamaRuashi: Kadi ziende bila betri, ncha mbili za waya zikitokeza na chanya ikiwa imeandikwa. Mzazi atakayekuwa na betri mbili za tochi ataiwasha mwenyewe mbele ya mtoto.

MwalimuKatuba: Nimekubali, ingawa inaniuma. Rezista za darasa zima nitazipata wapi kabla ya Ijumaa?

FundiKamalondo: Kwenye redio mbovu. Tafuta zenye mistari ya kahawia, nyeusi, kahawia, na wa nne wa dhahabu. Uliza mafundi wote wa mtaani kwako, kisha uje kwangu na kadi moja. Zitakazopungua nitazitoa mimi.