Tupeane uzoefu: unaitambuaje bondi ya ioni na bondi ya kovalenti?

Wanajamvi, nafundisha kemia kidato cha pili, na kila tukifika mada ya bondi, yaani kinachoshikanisha atomu, wanafunzi hushika kanuni moja tu: metali ikiungana na simetali (elementi isiyo metali), bondi ni ya ioni, simetali zikiungana zenyewe, bondi ni ya kovalenti. Kanuni hiyo yafaa kwa kuanzia, kwa kuwa sodiamu huiachia klorini elektroni moja, ilhali katika maji oksijeni na haidrojeni hushirikiana elektroni. Hata hivyo, anayeishia hapo huhukumu kwa fomula bila kuiuliza dutu yenyewe. Naomba kila mwenye uzoefu atueleze ni dutu gani iliyomfundisha kutofautisha, na alibaini kwa njia gani.

Naanza mimi. Huwapa wanafunzi chumvi na sukari, kila moja kwenye kifuniko cha bati juu ya taa ya spiriti. Sukari huyeyuka, hugeuka kahawia, kisha huungua na kuacha masizi meusi. Chumvi hutoa milio midogo midogo na kurukaruka, lakini hubaki nyeupe, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, joto ambalo taa ile haiwezi kulifikisha. Baadaye tunachukua vijiti vya kaboni kutoka kwenye betri zilizokwisha na kuviunganisha na betri nzima pamoja na balbu ndogo. Katika chumvi kavu balbu haiwaki, maana ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zimebanwa mahali pake. Katika maji ya chumvi huwaka. Katika maji ya sukari haiwaki kabisa. Jaribio hili lifanyike kwa muda mfupi na madirisha yakiwa wazi, kwani klorini huanza kutoka kwenye kijiti kimoja.

Mchangiaji, fundi wa maabara

Kwangu mimi ni kloridi ya alumini isiyo na maji. Ukifungua chupa yake penye unyevu hufuka moshi mweupe, na ukiipasha joto hugeuka mvuke kwenye nyuzi 180 hivi bila kuyeyuka kwanza, ingawa alumini ni metali. Linganisha na kloridi ya magnesi, jirani yake katika jedwali la elementi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 714. Ioni ya alumini ni ndogo na ina chaji tatu chanya, hivyo huvuta elektroni za klorini kwa nguvu nyingi mno hata zikawa za kushirikiana. Kwa kipimo cha Pauling, tofauti ya uwezo wa kuvuta elektroni kati ya sodiamu na klorini ni 2.23, lakini kati ya alumini na klorini ni 1.55 tu, na tofauti ikipungua bondi huelekea kuwa ya kovalenti.

Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo

Shikamoo Mwalimu. Mimi nilijifunza kwa mbolea za nyumbani. Urea na SA zote ni nyeupe, zote zina naitrojeni, zote huyeyuka majini, na hakuna iliyo na metali hata chembe. Kwa kanuni ya darasani zote zingekuwa za kovalenti. Nilichanganya kila moja na maji safi na kutumia balbu kama ulivyoeleza: SA iliwasha, urea haikuwasha. SA ni salfeti ya amonia, yaani ioni za amoniamu na ioni za salfeti zinazovutana, ingawa ndani ya kila ioni atomu zimeshikana kwa bondi za kovalenti. Tangu hapo, nikiona NH₄, alama ya amoniamu, katika fomula hutulia kwanza.

Mchangiaji, mwalimu mstaafu

Marahaba, mwanangu. Ila balbu nayo ina mipaka yake. Kloridi ya haidrojeni ni gesi ya kovalenti, na ikiyeyushwa katika toluini, kimiminika kisicho na maji, haipitishi umeme. Lakini ikiingia majini hupitisha vizuri, kwa kuwa humenyuka na maji na ioni huzaliwa pale pale. Joto nalo lina mipaka: mchanga mweupe wa silika huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi, ilhali bondi zake ni za kovalenti, zilizofumwa kutoka atomu hadi atomu bila kukatika. Kwa hiyo wanafunzi wangu niliwataka kila mara watumie vipimo viwili, na waandike kila kimoja kimewaambia nini.