Tupeane uzoefu: Tuliowahi kuandaa tamasha la muziki la kujitegemea, nyuma ya turubai kulikuwaje?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Najua humu wamo watu waliowahi kuandaa tamasha la muziki mjini, lile la kujitegemea, lisilo na kampuni kubwa nyuma yake. Kamati ya watu wachache, vikao vya usiku baada ya kazi, na fedha za kuanzia zinatoka mifukoni mwenu. Anayekuja kusikiliza huona jukwaa na taa. Naomba tuliokuwa upande wa pili tusimulie yaliyotukuta, hasa yale yaliyotutia adabu. Naanza mimi.

Ulikuwa mwaka wetu wa 3, siku ya pili, saa 11 jioni, bendi ya nne ikiwa jukwaani. Nilisimama pembeni upande wa kushoto, mkononi nina ratiba iliyolowa jasho. Nikaona bango kubwa nyuma ya mpiga ngoma linajaa upepo, linalegea, linajaa tena kama tanga. Kila likijaa, nguzo ya kona iliyokuwa karibu yangu inatoa mlio mfupi, chuma kikisugua chuma. Watu mbele wanacheza. Hakuna aliyesikia mlio ule isipokuwa mimi na kijana wa nyaya aliyekuwa amechuchumaa miguuni pangu. Tukatazamana.

Asubuhi ile fundi aliyefunga jukwaa alikuwa amenieleza kwamba paa lina kikomo chake cha upepo, kimeandikwa kwenye karatasi za aliyelitengeneza, na kwamba mabango yashushwe mapema kabla ya kufika hapo, kwa sababu bango hukamata upepo ambao paa tupu lingeuacha upite. Nilimsikiliza, nikaitikia. Sikumuuliza swali moja tu: ikifika hapo, nani anasema basi?

Nikaita kwenye redio. Mwenyekiti akanielekeza kwa msimamizi wa jukwaa. Msimamizi akasema anasubiri kamati. Mkuu wa ulinzi akasema hajapewa amri. Tulizunguka hivyo dakika sita nzima, na nguzo inalia. Mwishowe yule fundi, ambaye hata kwenye kamati hakuwamo, alipanda mwenyewe, akamgusa mpiga ngoma begani na kumwonyesha kwa mkono kwamba washuke. Tukashusha mabango, tukawarudisha watu nyuma, upepo ukapita. Hakuna aliyeumia.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nimeshasoma habari za maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, tarehe 13 Agosti 2011. Upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa juu ya watu waliokuwa wakisubiri onyesho, wakafa 7. Uchunguzi uliofuata ulisema, pamoja na udhaifu wa lile jukwaa lenyewe, kwamba haikuwa wazi nani ana mamlaka ya kuahirisha. Ni pengo lile lile tulilokuwa nalo sisi.

Tangu hapo, karatasi yetu ya kwanza kabisa, kabla hata ya orodha ya wasanii, ina majina mawili: mwenye kusimamisha na wa kushika nafasi yake akiwa hayupo. Haombi ruhusa kwa mtu. Akisimamisha na upepo ukatulia, hakuna wa kumnung'unikia. Na maneno ambayo MC atawaambia watu tumeyaandika kabla, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu hatungi sentensi nzuri.

Karibuni, tiririkeni.

Fundi Waya

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi ni mtu wa umeme, nimefunga majukwaa ya vijana wasio na kitu kwa miaka mingi, na naona kosa moja likijirudia. Mtu anakodi jenereta ya kVA 100 (kipimo kinachoandikwa kwenye jenereta yenyewe) akidhani amepata kilowati 100. Jenereta nyingi za kukodi hupigiwa hesabu ya 0.8, maana yake una kilowati 80, na hizo nazo hutaki kuzimaliza zote. Besi ikigonga na taa zote zikiwaka kwa pamoja, mzigo unaruka ghafla. Mimi sipendi kupita robo tatu ya uwezo wake.

Lakini kisa changu si cha hesabu. Ni cha mafuta. Mara moja tulikuwa na jenereta nzuri, imefungwa vizuri, sauti na taa kila moja na njia yake. Kijana wa kuangalia tangi aliitwa kusaidia langoni kwa sababu watu walizidi. Hakurudi. Saa 3 usiku jenereta ikakohoa mara mbili, ikazima. Wengi wakadhani ni kujaza tu na kuwasha. Injini ya dizeli ikikauka, hewa inaingia kwenye mabomba ya mafuta. Unaweza kujaza tangi mpaka juu na isiwake mpaka uitoe ile hewa. Nililala chini gizani na tochi mdomoni, nafungua nati, napampu kwa kidole gumba, natazama mapovu yanavyotoka mpaka mafuta yakaja safi. Dakika 25. Nilikuwa nasikia watu wakiimba wenyewe bila vyombo, wimbo baada ya wimbo, na ndicho kilichotuokoa.

Mtu wa tangi asiitwe kokote. Hata langoni pakiwaka moto, aitwe mwingine.

Mpiga Besi

Niongee kwa upande wa sisi tunaopanda jukwaani. Ratiba za matamasha madogo huandikwa na watu wasiowahi kubeba ngoma. Utaona bendi moja inamaliza saa 2:00 na nyingine inaanza saa 2:10. Katika dakika 10 hizo ngoma zitoke, nyingine ziingie, maikrofoni zihamishwe, mtu wa mikisa (meza ya kuchanganya sauti) atafute nani yuko kwenye njia ipi. Haiwezekani. Kila bendi inachelewa kidogo, na anayelipa ni wa mwisho, ambaye mara nyingi ndiye watu waliyemjia.

Tamasha moja lilinifurahisha mpaka leo. Waliweka ngoma moja kwa bendi zote, kila mpigaji akaja na snea (ngoma ndogo ya mlio mkali), matoazi na pedali yake. Wiki tatu kabla waliomba kila bendi mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, anahitaji maikrofoni ngapi. Tulipofika tulikuta utepe chini wenye rangi yetu. Tulipanda, tukachomeka, tukapiga. Sijawahi kujisikia nimeheshimiwa hivyo kwenye tamasha la viingilio vidogo.

Mwanzisha uzi

Kaka, hili la utepe wa rangi nalichukua. Sisi tulikuwa tunaweka dakika 15, nikaona hazitoshi, sasa ni 30 kwa bendi yenye vyombo vya moja kwa moja. Idadi ya wasanii imepungua na hatujapata lawama hata moja.

Wa Langoni

Mimi nimekaa lango kuu miaka 5. Nataka niseme kuhusu watu, kwa sababu kila kikao kinajadili wasanii saa mbili na umati dakika tano.

Kuna siku nilikuwa mbele ya jukwaa, kati ya uzio na jukwaa, kusaidia kugawa maji. Niliona dada mmoja mstari wa pili, mikono yake imebanwa chini, hawezi kuiinua. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananitazama tu, midomo imekauka, na kila wimbi la watu likija miguu yake inaachana na ardhi. Tulimvuta juu ya uzio watu watatu. Alipokaa chini aliniambia alikuwa ameomba msaada nyimbo mbili nzima na hakuna aliyemsikia. Kuanzia siku ile ninawafundisha vijana wangu kutazama nyuso, wasitegemee masikio.

Wanaoujua umati husema watu wakifika watano kwenye mita moja ya mraba, shaka inaanza. Wakipita hapo kuelekea sita au saba, mtu hana tena hiari ya kwenda anakotaka. Umati unasukumana kama maji, na anayekufa mara nyingi hakanyagwi, anakosa nafasi ya kutanua kifua avute pumzi. Roskilde, Denmark, mwaka 2000 walikufa vijana 9 mbele ya jukwaa. Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010 walikufa 21 kwenye njia ambayo wanaoingia na wanaotoka walikutanishwa. Nikisikia kamati inasema tutumie lango moja tu ili kubana tiketi za magendo, mwili unanisisimka. Tiketi za magendo utazifidia.

Tunachofanya sasa: wanaoingia na wanaotoka hawakutani, milango ya dharura ina mtu aliyesimama hapo na ufunguo mfukoni mwake, tena kabla ya kufungua uwanja tunaifungua yote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Mwaka juzi tulikuta mmoja umezibwa na gari la mitambo. Dereva alikuwa amelala ndani. Tulimwamsha kwa upole, naye akaelewa.

Mtumiaji mpya

Shikamooni wakubwa. Sisi ndiyo kwanza tunaanza, tuko watu 7, tunategemea watu 800. Swali langu kwa wa Langoni: nitajuaje uwanja umejaa? Mwenye uwanja anasema unachukua 1,500.

Wa Langoni

Marahaba mdogo wangu. Hiyo 1,500 muulize ameihesabuje. Mara nyingi ni uwanja mtupu. Toa jukwaa, toa meza ya mikisa na nafasi ya nyuma yake, vyoo, mabanda, njia ya gari la wagonjwa, na zile kona ambazo hakuna anayesimama kwa sababu jukwaa halionekani. Inayobaki ndiyo yako. Kisha kuna hesabu ya pili, ya milango: wote hao wanaweza kutoka kwa dakika chache? Chukua ndogo kati ya hizo mbili. Na wapeni watu wawili vihesabio vya mkononi, mmoja wanaoingia, mmoja wanaotoka, waandike kila robo saa.

Mkija na swali jingine niulizeni hata kama uzi umelala.

Jirani wa Uwanja

Niruhusuni nami, ingawa si mwandaaji. Ninaishi ng'ambo ya barabara na uwanja wa matamasha. Mwaka wa kwanza niliwachukia. Mama yangu alikuwa mgonjwa, na besi ilikuwa inatikisa glasi ya dawa mezani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Niliwapigia, simu haikupokelewa.

Mwaka wa pili alikuja binti mmoja wa kamati, akabisha hodi nyumba kwa nyumba wiki mbili kabla. Akaniachia karatasi yenye saa ya kumaliza kila siku na namba ya mtu mmoja. Saa 4 usiku nilipiga. Alipokea mlio wa pili, na baada ya dakika chache nikaona watu wawili wanageuza spika za besi. Baadaye alinieleza kwamba sauti nyembamba huzuiwa na ukuta lakini besi hupenya, na kwamba usiku hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti huinama kurudi chini na kufika mbali kuliko mchana. Kwa hiyo kipimo cha mchana hakitoshi, wanakuja kupima tena usiku kwenye lango langu.

Sasa nawapa maji na sehemu ya kuegesha. Yule binti alikuja msibani.

Mtu wa Sauti

Jirani amesema kweli. Niongeze dogo. WHO mwaka 2022 walitoa mwongozo kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Waandaaji wengi hudhani wakipunguza watapoteza raha. Tatizo huwa ni kumpigia wa nyuma kwa spika za mbele, ndipo wa mbele wanaumia. Weka spika ndogo katikati ya uwanja na ucheleweshe sauti yake kidogo ili ilingane na inayotoka mbele, kwa sababu sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Mita 34 ni sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio linaihisi. Ukizipanga sawa, wa nyuma anasikia maneno na wa mbele anarudi nyumbani masikio yake mazima.

Mweka Hazina

Nimesoma yote hapo juu machozi yananilenga. Langu ni fupi. Lipeni wasanii wadogo kwanza. Mwaka ambao mvua ilituondolea nusu ya viingilio tulimlipa mkubwa kwa sababu mkataba wake ulikuwa na meno, tukawaambia wadogo wasubiri. Kikundi kimoja cha wasichana wanne kilisubiri miezi 5. Walipolipwa hawakusema neno, na hawakurudi tena, na ndio waliopiga vizuri kuliko wote. Siku hizi fedha zao tunazitenga kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, kwenye akaunti ambayo watu watatu wanasaini. Tukishindwa kuzitenga, bendi hiyo hatuiiti.

Mwanzisha uzi

Mweka Hazina, asante kwa kulisema hilo hadharani. Sisi pia tulikuwa na deni la namna hiyo, tulilimaliza mwezi uliopita tu.

Niongeze moja ambalo halijaguswa, la alfajiri ya mwisho. Wote wanaojitolea wanataka zamu za mchana na za jukwaani. Ikifika saa 9 usiku wa siku ya mwisho, wanabaki watu wanne waliokesha siku mbili, na wao ndio wanapanda juu kufungua vyuma vizito. Mwaka jana mmoja wao alisinzia akiwa kwenye ngazi, mwenzake akamshika mguu. Mwaka huu zamu ya kubomoa ndiyo tumeanza kuijaza, kwa watu ambao siku nzima watakuwa wamelala nyumbani, wala hawatasikia muziki wenyewe. Niliogopa kuwaomba watu jambo kama hilo. Mpaka leo wamejiandikisha 11.