Maji ndani ya taa ya mbele: nikaushe, nitoboe au ninunue nyingine?

Msafiri wa Lanet, Nakuru

Hamjambo nyote. Ninaomba ushauri kuhusu taa ya mbele ya upande wa kushoto ya Probox ninayoitumia kupeleka mayai Kisumu. Tangu mvua zianze, taa hiyo imekuwa ikiingia maji. Sehemu ya juu ya kioo hufunikwa na ukungu mweupe kwa ndani, na chini kabisa kuna maji yaliyotuama, ambayo huyumbayumba gari linapopita kwenye matuta. Taa ya kulia nayo hupata ukungu mwepesi asubuhi, lakini huo hutoweka kabla sijafika Salgaa.

Huwa ninaondoka nyumbani kabla ya alfajiri ili niwawahi wateja wangu wa Kibuye, kwa hivyo ile sehemu inayonitia wasiwasi zaidi, kutoka Mau Summit kupitia Londiani hadi Kericho, ninaipita gizani, mara nyingi kukiwa na ukungu au mvua. Kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, taa hiyo ndiyo inayonionyesha ukingo wa lami na watu wanaotembea kando yake, na sasa mwanga wake umetawanyika na haufiki mbali.

Fundi mmoja hapa mjini ameniambia ninunue taa nzima ya mtumba. Mwingine amesema nitoboe tundu dogo upande wa chini ili maji yawe yakitoka yenyewe. Niseme pia kwamba hivi karibuni niliwekewa balbu za LED badala ya zile za halojeni zilizokuwamo. Kabla sijatoa pesa, ningependa kujua maji haya yanaingilia wapi.

Fundi wa Umeme wa Magari, Kondele

Ndugu Msafiri, ukiyasoma tena maelezo yako utaona kwamba taa zako mbili hazina tatizo moja.

Taa ya mbele haikuundwa iwe imezibwa kabisa. Balbu ya halojeni ya aina ya H4 hutumia wati 60 kwenye mwanga mkali na wati 55 kwenye mwanga ulioinamishwa, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hugeuka joto. Hewa iliyo ndani hupanuka, na isipopata pa kutokea itaisukuma sili ya kioo, yaani gundi inayokiunganisha kioo na kasha la taa, hadi iachie. Ndiyo maana watengenezaji huacha njia za kupumulia nyuma ya taa: aghalabu kijibomba cheusi cha mpira chenye kona, kinachoelekea chini, au kiraka cha utando unaopitisha hewa na mvuke huku ukizuia matone ya maji. Taa ikizimwa, hewa hupoa na kunywea, na hewa ya nje huvutwa ndani pamoja na unyevu wake. Usiku wa Nakuru ukiwa baridi, kioo hupoa mapema kuliko sehemu za ndani, na unyevu ule hugeuka umande juu yake. Ukungu mwepesi wa namna hiyo, usio na matone yanayotiririka, ambao huondoka taa ikiwaka kwa muda, ni hali ya kawaida. Hiyo ndiyo taa yako ya kulia, na ninakushauri usiiguse.

Maji yaliyotuama ni jambo jingine kabisa. Umande wa usiku hauwezi kufanya dimbwi linaloyumba. Kuna mahali maji yanaingia yakiwa maji. Ninaanza na hizo balbu za LED. Nyuma ya balbu ya H4 huwa kuna kofia ya mpira inayobana shingo ya taa kwa nje na kuikumbatia balbu katikati, pakabaki vile vyuma vitatu tu vya kupokelea umeme. Balbu nyingi za LED zina feni au mapezi ya kupozea kwa nyuma, ambayo hayapiti kwenye tundu la kofia hiyo, kwa hivyo anayezifunga huikata kofia kwa kisu au huiacha nje kabisa. Fungua boneti mchana, uzitazame taa zote mbili kwa nyuma na kuzilinganisha.

Halafu angalia ndani kupitia kioo. Maji ya barabarani yakikauka huacha mchirizi wa vumbi la rangi ya kahawia. Ukiufuata mchirizi huo kwenda juu, utakufikisha karibu na mahali yalipoingilia, iwe ni kwenye shingo ya balbu, kwenye ufa wa kioo au kwenye maungio ya kioo na kasha.

Mkazi wa Kericho

Mimi ninaunga mkono shauri la kutoboa. Huku kwetu mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, na taa ya pikapu yangu ilikuwa ikijaa maji kila mara hadi ilipotobolewa vitundu viwili upande wa chini. Tangu hapo hayajatuama tena, na kazi hiyo ilinigharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na bei ya taa. Ndugu yetu anafanya biashara, na kila siku gari linapokaa gereji anapata hasara.

Fundi wa Umeme wa Magari, Kondele

Mzee wangu wa Kericho, ninaelewa kwa nini watu huchagua njia hiyo, na ni kweli kwamba maji hutoka. Lakini kitundu kile hakizuii maji kuingia kule juu, na kinafungua mlango mpya kule chini, mahali ambapo tairi hurusha maji machafu na vumbi. Kijibomba cha kupumulia kilichowekwa na mtengenezaji hupinda makusudi ili matone yasipande, ilhali tundu la kekee limenyooka.

Kinachonisikitisha zaidi ni kiakisi. Ule mng'ao wa fedha unaouona ndani ya taa ni tabaka jembamba sana la alumini lililopakwa juu ya plastiki. Vumbi likitua juu yake pamoja na unyevu, hufifia na kufanya madoa, na huwezi kulipangusa kwa kitambaa kwa sababu hubanduka. Kiakisi kikishaharibika, hata ukiweka balbu mpya ya bei ghali, mwanga haurudi. Ninakuomba uegeshe pikapu mahali penye mwanga wa jua, utazame ndani ya taa hiyo iliyotobolewa, kisha uilinganishe na ile nyingine.

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega

Fundi amelieleza vyema suala la joto. Ningependa kuongeza jambo linalohusu njia yenyewe ambayo ndugu Msafiri anaipita, kwa sababu nadhani linachangia.

Mau Summit iko juu kuliko Kisumu kwa zaidi ya mita 1,000, na shinikizo la hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Gari linapofika huko juu, taa huwa imekwisha kutoa sehemu ya hewa yake. Linapoteremka kupita Kericho kuelekea Ahero na ziwani, shinikizo la nje huongezeka, na taa hulazimika kuvuta hewa ndani ili kusawazisha. Njia za kupumulia zikiwa wazi, hakuna neno. Zikiwa zimezibwa na matope, au kiraka cha utando kikiwa kimepakwa vumbi lililokauka, hewa itapita kwenye pengo lolote itakalolipata; na ikiwa wakati huo mvua inanyesha na pengo lile limefunikwa na maji, basi maji ndiyo yatakayofyonzwa. Mtu anayeendesha ndani ya mji wa Kisumu peke yake anaweza kukaa na sili iliyochoka kwa muda mrefu bila kuona tone, huku taa iliyochoka kiasi hichohicho ikijaa maji katika safari zenu za kupanda na kushuka.

Kanuni hiyohiyo inahusu kuosha gari. Watu wengi hufika kutoka safari taa zikiwa moto, wakaenda moja kwa moja kwenye mashine ya presha. Maji baridi huipoza taa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na presha ya mashine inasukuma maji kutoka nje kwa wakati uleule. Heri kuzizima taa na kuziacha zipoe kwanza, na kumwomba kijana anayeosha asielekeze mpira kwenye maungio ya kioo wala ndani ya boneti nyuma ya taa.

Msafiri wa Lanet, Nakuru

Nawashukuru sana, hasa Fundi na Mwalimu. Leo nimefungua boneti. Kofia ya mpira ya taa ya kulia imekatwa kidogo tu na bado inabana. Ya kushoto imekatwa kwa upana zaidi, imekaa upande, na sehemu yake ya juu haikuingia kwenye shingo ya taa, kiasi kwamba kidole changu kinapita. Mchirizi wa kahawia unaanzia hapohapo, ukashuka kwenye kiakisi hadi chini. Kiakisi bado kinang'aa isipokuwa mahali pa mchirizi. Kioo hakina ufa ninaouona.

Sasa ninauliza namna ya kukausha bila kuharibu, na kama ninaweza kuziba kwa silikoni ya madirisha niliyobaki nayo baada ya ujenzi.

Fundi wa Umeme wa Magari, Kondele

Silikoni hiyo iache kwanza. Inukie: kama ina harufu kali ya siki, basi hutoa asidi ya asetiki inapokauka, na mvuke wake ukifungiwa ndani ya taa unaweza kula ile alumini niliyoitaja na kuacha utando mweupe kwenye kioo. Zipo silikoni zisizotoa asidi, lakini hata hizo si za kuziba shingo ya balbu, kwa sababu balbu itahitaji kubadilishwa siku moja. Hapo panahitaji kofia mpya ya mpira ya H4, ambayo ni spea ya bei nafuu. Unapoivalisha, neno la Kiingereza linaloonyesha upande wa juu huwa limechapwa kwenye mpira wenyewe. Hakikisha liko juu, kisha bonyeza ukingo wote kwa vidole mpaka ukae sawasawa kuzunguka shingo.

Kuhusu kukausha, ni vyema taa itoke kwenye gari, ingawa mara nyingi hilo humaanisha kulegeza bampa. Toa balbu, iinamishe taa ili maji yamwagike kupitia shingo, kisha iweke kivulini penye upepo au kwenye jua la asubuhi, shingo ikitazama chini. Ukitumia mashine ya kukaushia nywele, iweke kwenye joto la chini na uipulizie kutoka nyuma huku ukiisogezasogeza, maana plastiki ikipata joto sehemu moja kwa muda mrefu hupinda. Usiingize kitambaa ndani kwa waya. Ule mchirizi uache ulivyo. Vifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia kufyonza unyevu wa mwisho vikikaa ndani usiku mmoja, ilimradi uvitoe kabla ya kurudisha balbu.

Kabla ya kuifunga, ikague sili ya kioo. Pitisha maji ya sabuni kwa brashi kwenye maungio yote, ziba vijibomba vya kupumulia kwa vidole, kisha mtu apulize taratibu kwa mdomo kupitia mpira mwembamba ulioshikiliwa kwenye shingo na kuzungushiwa kitambaa kibichi. Mapovu yakijitokeza mahali fulani, sili imeachia hapo. Ile gundi nyeusi ya butili iliyomo kwenye mfereji wa kasha hulainika kwa joto na hubana tena ikipashwa na kukandamizwa, lakini kazi hiyo mpe mtu aliyeizoea.

Kuhusu LED, ninakushauri urudishe halojeni, na sisemi hivyo kwa ajili ya maji pekee. Kiakisi cha taa yako kilipimwa kufuata umbo la waya wa halojeni. Chanzo kingine cha mwanga kikikaa hapo, mara nyingi mwanga hurushwa juu na kumpofusha dereva anayekuja mbele yako, na kwenye mteremko wa Londiani hilo ni hatari kubwa. Tena LED hupeleka joto lake nyuma kwenye feni, kwa hivyo kioo hubaki baridi na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Ukifunga halojeni, usiishike kwa vidole vitupu kwenye kioo chake, kwa sababu mafuta ya ngozi hulifanya eneo hilo lipate joto kupita kiasi na balbu hufa mapema.

Muuza Spea, Nakuru

Kama ikibidi ununue taa ya mtumba, usiikubali kwa kutazamwa juu juu ikiwa juu ya kaunta. Itikise usikilize kama kuna maji au kipande kilichokatika, itazame kwenye jua upande wa kiakisi, na uulize kofia za nyuma na vijibomba vya kupumulia viko wapi, kwa maana taa nyingi hufika bila hivyo. Na umanjano wa kioo usikuchanganye na unyevu: huo uko nje, husababishwa na jua, na hung'arishwa. Utando usiofutika kwa nje wala kutoweka taa ikipata joto uko ndani, na taa ya namna hiyo irudishe.

Mkazi wa Kericho

Nimetazama nilivyoombwa. Kiakisi cha taa iliyotobolewa kimekuwa cha kijivu upande wa chini, na kile kingine hakiko hivyo. Je, vitundu vile vinaweza kuzibwa?

Fundi wa Umeme wa Magari, Kondele

Vinaweza, Mzee. Visafishe, uvikaushe, kisha uvizibe kwa nje kwa silikoni isiyo na harufu ya siki, baada ya kupata mahali maji yanapoingilia kule juu na kupatengeneza. Ukiviziba kabla ya hapo, taa itajaa tena.

Nanyi nyote wawili, taa ikisharudishwa, egesheni gari kwenye sakafu tambarare mbele ya ukuta usiku, mita kadhaa kutoka ukutani, mwashe mwanga ulioinamishwa na kulinganisha kimo cha pande mbili. Taa iliyotolewa mara nyingi hurudi ikiwa imeinama au imeinuka, na skrubu ya kurekebisha iko nyuma ya kasha.