Tupeane uzoefu: mliowahi kugoma kula mkiwa chuo Uganda

Binti Wandegeya
Wapendwa, tangu Besigye, yule mwanasiasa wa upinzani, alipogoma kula kule gereza la Luzira, Februari 2025, mambo ya chuoni yamenirudia na hayataki kutoka. Tuliosoma Kampala, Mbarara, Gulu tunajua migomo ya mawe na mabomu ya machozi. Lakini ule wa kukaa chini na kukataa chakula hadi wakubwa waje, watu hawauongelei. Mliowahi kuukalia, semeni. Chuo kisitajwe, wengine bado tunadai transkripti.

Mjukuu wa Bombo
Halikuanza juzi hilo. Makerere 1952 wanafunzi waligomea chakula cha bwaloni, na Abu Mayanja akafukuzwa. Hakupotea, alikwenda kusoma King's College, Cambridge. Na mwaka huohuo wa 1952 ndiye aliyekuwa na Ignatius Musazi wakianzisha chama cha Uganda National Congress. Waliogombania sahani ndio walioingia kudai nchi.

Kaka wa Kikoni
Mzee wangu, hapo unachanganya. Kukataa posho, yaani ugali, ya bwaloni halafu ukanunue muhogo nje ya geti, hiyo ni njaa gani?

Mjukuu wa Bombo
Kijana, mtu alifukuzwa chuo wakati chuo kikuu chenyewe kilikuwa kimoja tu Afrika Mashariki nzima. Unataka alipe nini zaidi?

Mama Pacha Arua
Kweli kabisa mzee.

Mwana Nile
Nilisema sitaandika, lakini ngoja niandike.

Kwetu ada iliongezwa katikati ya muhula, na mwenye deni akanyimwa kadi ya mtihani. Rais wa gildi, yaani serikali ya wanafunzi, alipeleka barua, zikanyamaziwa. Ndipo kikundi chetu kikatandika mikeka kwenye veranda ya jengo la utawala, na jerikeni za maji. Wakubwa walituruka miguu wakiingia ofisini. Nakumbuka viatu vyao zaidi ya nyuso.

Njaa yenyewe ilikuwa kali mwanzoni, kisha ikapoa. Kilichobaki ni baridi. Jua la saa sita linawaka na wewe unatetemeka ndani ya sweta, ulimi umefanya utando mweupe. Ng'ambo ya seng'enge kulikuwa na kijana anakaanga rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Siku moja alituangalia, akanyanyua sigiri yake yenye moto, akaihamishia upande wa pili wa barabara ili harufu isitufikie. Alipoteza wateja kwa ajili yetu. Hakuna mkubwa aliyetufanyia hata robo ya lile.

Mwenzetu mmoja alikuwa na vidonda vya tumbo na hakusema. Alianguka akielekea chooni. Waandishi wakaja, na jioni ileile kadi zikatolewa. Tukalia, tukaimba. Wenzetu wa hosteli wakatuletea kikomando, chapati na maharage, pamoja na soda, tukala kwa pupa. Usiku rafiki yangu, aliyekuwa mzima muda wote wa mgomo, akaanza kusema moyo unamkimbia. Miguu ikavimba. Tukampakia boda, mimi nyuma nimemshika asidondoke.

Kaka wa Kikoni
Akapona???

Mama Pacha Arua
Usituache hapo, mwanangu.

Binti Wandegeya
Mwana Nile, jibu tafadhali, mikono inatetemeka.

Dada Nesi
Wakati tunamsubiri, niseme kitu. Hiki kinajulikana. Mwili uliokaa siku nyingi bila chakula ukipewa wanga na sukari kwa wingi mara moja, madini ya damu, hasa fosfeti na potasiamu, hushuka ghafla na moyo hupoteza mapigo yake. Ndiyo maana hospitali huanza na vitamini B1, kisha chakula kidogo kidogo huku damu inapimwa. Watu wengi huogopa siku za njaa. Mimi naogopa sahani ya kwanza.

Mwana Nile
Alipona. Alilazwa, akakosa mtihani uleule tuliougomea, akarudia mwaka. Leo ana watoto. Daktari alituuliza alikula nini, tulipomwambia akashika kichwa.

Mama Pacha Arua
Alhamdulillah.

Chapati Moja
Kwetu kiongozi alikamatwa na mkate ndani ya blanketi usiku. Mgomo ukafa asubuhi ileile.

Kaka wa Kikoni
Ndiyo maana siuamini. Wanaumia wanyonge, wenye majina wanakula.

Mwana Nile
Usitutie sote kapu moja. Nimekusimulia mtu karibu afe.

Ustadhi wa Mbale
Swaumu ina daku na futari. Hii isiyo na mwisho ni kujidhuru, na Qur'ani 2:195 inatukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Nawaheshimu, lakini dai haki ukiwa na nguvu.

Mjukuu wa Bombo
Kwa nguvu gani, Ustadhi? Desemba 1990 polisi waliwapiga risasi wanafunzi wawili pale Makerere wakafa. Oktoba 2019 watoto waliandamana kupinga ada kupandishwa kwa asilimia 15, wanajeshi wakaingia mabwenini, bweni la Lumumba likavunjwa milango. Aliyekaa mkekani hana jiwe mkononi. Ukimpiga, kila mtu anaona nani kaanza.

Ustadhi wa Mbale
Na usipompiga? Ukimwacha tu akae? Bobby Sands kule Ireland Kaskazini, 1981, alikaa siku 66 bila kula akafa, na alikuwa ameshachaguliwa mbunge akiwa gerezani. Serikali haikutikisika.

Binti Wandegeya
Hapo ndipo penyewe. Mgomo huu unafanya kazi pale tu anayekutazama anaona aibu. Kwa Mwana Nile walioona aibu ni waandishi na muuza rolex, basi wakubwa wakafuata.

Jirani wa Kabalagala
Samahani nawakatiza. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu, wanataka kuanza Jumatatu. Nimwambie nini?

Chapati Moja
Ale kilo mbili za matooke Jumapili 😂

Kaka wa Kikoni
Mwambie asikae. Aende mahakamani.

Mama Pacha Arua
Kwa pesa ya nani? Akae, ila asikae peke yake.

Dada Nesi
Ana vidonda vya tumbo, kisukari, au anameza dawa za kila siku?

Jirani wa Kabalagala
Ana pumu tu.

Dada Nesi
Basi pampu yake isimtoke mfukoni. Jumapili apimwe uzito na presha, karatasi ishikwe na mtu asiyegoma. Anywe maji ya kutosha yenye chumvi kidogo. Na aandike mapema, akiwa na akili timamu, kama anataka kutiliwa dripu akizimia au hataki, kwa sababu Azimio la Malta la Chama cha Madaktari Duniani, la 1991 na kurekebishwa baadaye, linamtaka daktari aheshimu uamuzi huo. Ukishajua wanakaa wapi, niandikie inboksi, nitafute mwenzangu wa karibu awapitie.

Jirani wa Kabalagala
Nakuja inboksi sasa hivi.