Mrejesho: buti za mlimani, namba 42 au 43?

Wakuu, habari za jioni. Wiki tatu zilizopita niliwauliza kuhusu buti za Kilimanjaro: mguu wangu ni namba 42, lakini kila nikishuka na mzigo kucha za vidole gumba zinageuka nyeusi. Nimerudi kuwashukuru.

Nilienda soko la Memorial, pale Moshi, saa kumi jioni, kama mlivyosema, maana mguu ukishatembea kutwa huvimba kidogo. Nikabeba soksi zile zile nene za mlimani. Muuzaji alinishangaa nilipochomoa soli ya ndani na kuikanyaga pale chini. Kwenye 42 kidole gumba kilifika ukingoni kabisa. Kwenye 43 ikabaki nafasi. Nikavaa bila kufunga kamba, nikasukuma mguu mbele mpaka vidole vikagusa, na kidole cha shahada kikapita nyuma ya kisigino. Nikachukua 43.

Juzi nimeshuka kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi geti la Marangu. Vidole havikugonga mbele hata mara moja! Ila kisigino cha kulia kilikuwa kinacheza, nikapata lengelenge kabla ya Mandara, kambi inayofuata ukishuka. Mwenzangu akanionyesha: kamba izungushwe mara mbili pale mguu unapokunjika, ikazwe hapo, ndipo uendelee juu. Kikatulia mpaka chini.

Na yule kaka aliyenikataza soksi za pamba, ulisema kweli. Za sufu hazikunilowea. Asante sana.